Bibi Haendi Kuwanga, Anaumwa: Daktari wa Ugonjwa wa Kusahau Anasomea Nini?

Leo tunakupeleka kwenye darasa la madaktari. Usiogope, hatutakuuliza kanuni za kemia. Lakini kabla hatujaingia, jibu maswali haya matatu kimoyomoyo.

Nyumbani kwenu kuna babu au bibi? Je, ameshawahi kukuuliza swali lile lile mara nne ndani ya nusu saa? Je, ameshawahi kutoka usiku, akakutwa amesimama kwenye uwanja wa jirani, hajui amefikaje pale?

Kama jibu ni ndiyo, basi umesikia pia watu wanavyosema. Wengine watasema, "Uzee huo, mwacheni." Wengine, "Karogwa." Na wengine, kwa sauti ya chini, "Yule bibi anawanga."

Neno hilo la mwisho si la mchezo. Oktoba 2021, huko Kisii nchini Kenya, wanawake wazee wanne waliuawa na kundi la watu waliowatuhumu uchawi. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba. Hapa Tanzania, Kanda ya Ziwa, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni wa miaka nenda rudi. Hatusemi kwamba wote hao walikuwa wagonjwa wa kusahau. Tunachosema ni kwamba mzee anayezurura usiku, anayeongea peke yake na asiyewatambua wanawe ni mwepesi kunyooshewa kidole. Kumbe ubongo wake unaumwa, na yupo daktari aliyesomea ugonjwa huo.

Daktari huyo ni nani? Anasoma miaka mingapi? Anafundishwa nini ambacho daktari wa kawaida hajafundishwa? Na wewe uliye kidato cha pili yanakuhusu nini? Fuatana nasi.

KWANZA TUELEWANE: NI UGONJWA GANI?

Kitaalamu unaitwa dimensia. Siyo ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambayo ubongo umeharibika kiasi kwamba kumbukumbu, maamuzi, lugha au tabia ya mtu vinapungua hadi anashindwa shughuli zake za kila siku.

Shika hilo neno "shughuli za kila siku". Kila mtu anasahau. Wewe mwenyewe umesahau daftari la jiografia juzi. Bibi akisahau alipoweka ufunguo, huo ni usahaulifu wa kawaida. Akiushika ufunguo mkononi asijue ni wa kazi gani, hapo kuna jambo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya 60 kati ya kila 100 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo anayekwambia kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, mwonyeshe hesabu hiyo.

Ugonjwa unaoongoza katika kusababisha dimensia ni Alzheimer. Jina limetokana na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Novemba 1901, katika hospitali ya Frankfurt, alianza kumhoji mama wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter. Mama huyo alikuwa amepoteza kumbukumbu, anamshuku mumewe, na hata jina lake mwenyewe lilimshinda kuandika. Alifariki Aprili 1906. Daktari Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta uchafu wa protini umejikusanya kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Novemba mwaka huo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen. Tunamkumbusha hapa kwa sababu moja. Alikaa na mgonjwa, akamuuliza, akaandika kila jibu. Hadi leo somo la kwanza la daktari wa dimensia ni hilo hilo.

NGAZI YA MIAKA

Sasa tupige hesabu. Tuseme wewe uko kidato cha nne Tanzania na unataka kuwa daktari wa fani hii. Njia ni hii:

1. Kidato cha tano na cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia (wenyewe mnaita PCB): miaka 2.
2. Chuo kikuu, shahada ya udaktari wa binadamu: miaka 5.
3. Mafunzo kwa vitendo hospitalini, ukizunguka idara mbalimbali: mwaka 1. Hapo sasa unaitwa daktari kamili.
4. Ubingwa. Unachagua mlango mmoja: magonjwa ya ndani ya mwili au magonjwa ya akili. Kwa kawaida ni miaka 3.
5. Ubingwa bobezi, yaani kuchimba kwa kina tawi moja ndani ya ubingwa wako.

Ngazi hiyo ya tano ndiyo mada yetu. Kwa Kiingereza wanaiita feloshipu, na daktari anayesoma anaitwa felo. Felo si mwanafunzi wa kukaa dawatini akinakili ubaoni. Ni daktari bingwa tayari, anaona wagonjwa kila siku, ila nyuma yake yupo mkongwe wa fani anayemsimamia, anayemsahihisha na kumfungulia macho.

Marekani wana milango mitatu ya kufikia dimensia. Aliyebobea magonjwa ya ndani huongeza mwaka 1 wa magonjwa ya wazee. Bingwa wa magonjwa ya akili huongeza mwaka 1 wa afya ya akili ya wazee. Bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu huongeza mwaka 1 au 2 wa fani inayochunguza jinsi ubongo unavyoongoza tabia. Ukianzia chuo kikuu (miaka 4 ya shahada ya kwanza, 4 ya udaktari, 4 ya ubingwa wa ubongo, kisha feloshipu), mtu wa mlango huu wa tatu anamaliza baada ya miaka 13 au 14. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Ipo pia feloshipu ya aina yake iliyozaliwa mwaka 2015. Mfadhili aitwaye Atlantic Philanthropies alitoa dola milioni 177 kuanzisha Global Brain Health Institute, taasisi yenye makao mawili: Chuo Kikuu cha California kilichopo San Francisco, na Trinity College mjini Dublin, Ayalandi. Mafelo wake hutoka nchi nyingi, Afrika ikiwemo. Hawachukui madaktari peke yao. Wauguzi, wachumi, wanasaikolojia, waandishi wa habari na wasanii nao wamekaa darasa moja na madaktari. Kwa nini msanii? Kwa sababu ugonjwa huu unaishi nyumbani na mtaani kuliko unavyoishi hospitalini, na huko mtaani msanii anasikilizwa kuliko daktari. Lengo si kumweka mtu huko moja kwa moja. Felo anatarajiwa arudi kwao aanzishe kitu.

NDANI YA MWAKA HUO WANAFUNDISHWA NINI?

Somo la kwanza: kusikiliza watu wawili

Kwenye malaria daktari anamuuliza mgonjwa. Kwenye dimensia hiyo haitoshi, maana chombo cha kukumbuka ndicho kinachoumwa. Bibi atasema, "Mimi mzima, mwanangu, hawa watoto wananisingizia tu." Hasemi uongo. Hajui kwamba amesahau. Kwa hiyo felo anafundishwa kumsikiliza pia mtu wa pili, yule anayeishi na mgonjwa. Na anafundishwa kumhoji kwa adabu, ikiwezekana pembeni, ili mzee asijisikie anashtakiwa mbele ya wajukuu.

Maswali yake yamepangwa. Ilianza lini? Ilianza ghafla au polepole? Kilichoanza kupotea ni nini: kumbukumbu, maneno, njia ya kurudi nyumbani au aibu? Alikuwa anafanya nini mwaka jana ambacho mwaka huu hawezi?

Somo la pili: kutafuta kinachotibika

Hili ndilo somo ambalo wengi wetu hatulijui. Siyo kila mzee aliyechanganyikiwa ana dimensia. Sonona inaweza kumfanya mzee aonekane hana kumbukumbu. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, kaswende iliyofika ubongoni, virusi vya UKIMWI, pombe, hata mchanganyiko wa dawa anazomeza, vyote vinaweza. Mzee aliyeanguka kwenye ngazi wiki tatu zilizopita anaweza kuwa na damu iliyovujia ndani ya fuvu, inayobana ubongo. Huyo akipasuliwa mapema anaweza kurudi kama zamani.

Halafu kuna kuchanganyikiwa kwa ghafla. Jana bibi alikuwa anapiga soga, leo hajui yuko wapi, anaona vitu vya ajabu, mara amelala mara amefurukuta. Hiyo ni dharura. Malaria, homa ya mapafu, maambukizi kwenye njia ya mkojo au upungufu wa maji unaweza kuwa umejificha nyuma yake. Ghafla ni hospitali leo leo, siyo kesho, wala siyo kwa mganga kwanza.

Somo la tatu: kutofautisha ndugu wa ukoo mmoja

Dimensia zina sura mbalimbali. Alzheimer huanza taratibu, mara nyingi kwa kusahau mambo ya juzijuzi huku ya zamani yakibaki. Bibi anakumbuka harusi yake, hakumbuki kama amekula.

Ile inayotokana na mishipa ya damu hufuata kiharusi au presha ya muda mrefu. Mara nyingi inashuka kwa ngazi: leo kaporomoka, anatulia miezi kadhaa, anaporomoka tena.

Ya tatu imepewa jina la Lewy, daktari Mjerumani aliyeeleza chembe za protini ubongoni mwaka 1912. Mgonjwa anaona watu au watoto ambao hawapo, mwili unakakamaa, akili yake inapanda na kushuka siku hiyo hiyo. Hebu fikiria: mzee anasema kuna watoto wadogo wamekaa pembeni ya kitanda chake. Mtaani watasema nini? Majini, au "misukule yake hiyo". Daktari asiyejua naye anaweza kumchoma dawa kali ya kutuliza, kama haloperido. Kwa mgonjwa wa aina hii dawa hizo zinaweza kumfanya akauke kama ubao, na zinaweza kumuua. Unaona sasa kwa nini mwaka mzima wa kusoma unahitajika?

Ya nne hushambulia sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo, na mara nyingi humpata mtu kabla ya miaka 65. Huyu kumbukumbu yake inaweza kuwa salama mwanzoni. Kinachopotea ni breki. Mwalimu mpole anaanza kutukana, anachukua vitu dukani bila kulipa, hamwonei huruma mkewe. Familia inadhani amekuwa mlevi au amepata mwanamke nje. Daktari Bruce Miller wa San Francisco, mmoja wa waanzilishi wa taasisi tuliyoitaja, aliandika miaka ya 1990 kuhusu wagonjwa wa aina hii ambao, huku wakipoteza maneno, walianza kuchora picha nzuri ajabu.

Somo la nne: dawa na mipaka yake

Hadi leo hakuna dawa inayoponya Alzheimer. Donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, husaidia dalili kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha rasmi lekanemabu, na mwaka 2024 donanemabu. Hizi zinasafisha ile protini chafu aliyoiona Daktari Alzheimer. Lakini zinapunguza mwendo wa ugonjwa kidogo tu, tena kwa walio hatua za mwanzo; mara nyingi mgonjwa huzipata kwa dripu, na lazima apigwe picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu zinaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu ubongoni. Felo anafundishwa nani apewe na nani asipewe. Na anafundishwa kitu kigumu zaidi, yaani kusema "hapana" kwa familia iliyouza ng'ombe ili inunue muujiza.

Somo la tano: kusema ukweli na kulinda haki

Watoto wa mgonjwa wanamvuta daktari pembeni: "Daktari, tafadhali usimwambie baba." Afanyeje? Anafundishwa kumuuliza mzee mwenyewe: "Baba, ungependa kujua kiasi gani?" Wapo wanaotaka kujua yote, wapange mambo yao mapema. Wapo wanaosema, "Zungumza na mwanangu mkubwa." Yote mawili ni majibu ya kuheshimiwa.

Kuna suala la dole gumba pia. Mzee mwenye dimensia akiletewa karatasi ya kuuza kiwanja, je, anaelewa anachokitia dole? Daktari bobezi anajua kupima hilo. Tena anajua kwamba uwezo wa kuamua haupotei wote siku moja. Mtu anaweza kusahau leo ni Jumatano ngapi, lakini akajua vizuri shamba lake ni lipi na anataka nani alirithi. Kumnyang'anya sauti mapema ni dhuluma, na kumwacha atapeliwe ni dhuluma vilevile.

MTIHANI USIOMFAA BIBI

Duniani kuna mitihani mifupi ya kupima akili ya mgonjwa. Mmoja maarufu ulitungwa mwaka 1975, una alama 30. Mgonjwa anaambiwa asome, aandike sentensi, apunguze saba saba kuanzia mia, anakili mchoro wa maumbo mawili ya pembe tano yaliyopishana. Mwingine, wa mwaka 2005, unamtaka achore uso wa saa na mshale wake.

Sasa mchukue bibi wa miaka 80 ambaye hakukanyaga shule. Hajawahi kushika kalamu. Mpe mtihani huo, atapata alama za chini, na karatasi itasema ana dimensia. Kumbe bibi huyo huyo anajua hesabu za vikoba vyote, madeni ya kila mwanachama kichwani! Aliyefeli hapo ni nani, bibi au mtihani?

Swali hilo lilijibiwa karibu na kwetu. Mwaka 2009 na 2010, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Newcastle, Uingereza, waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, walikuta asilimia 6.4 wana dimensia. Piga mwenyewe: katika kila wazee 100 wa umri huo, 6 au zaidi kidogo.

Kilichofuata ndicho kizuri. Watafiti walitengeneza kipimo kinachomfaa mtu asiyesoma, kinachoitwa IDEA. Badala ya kuchora kwa kalamu, mzee anapewa njiti za kiberiti na kuombwa apange umbo kama aliloonyeshwa. Anaombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa muda mfupi. Anasomewa orodha ya maneno, baadaye anaombwa ayakumbuke. Njiti za kiberiti zipo kila nyumba, na kila bibi anazijua. Kwa daktari anayesomea fani hii nje ya nchi, hilo ni fundisho kubwa: kipimo ulichojifunza Dublin au San Francisco usikisafirishe bila kukikagua.

WABOBEZI NI WACHACHE. TUFANYEJE?

Tuwe wakweli. Hata kila mkoa ukisomesha felo mmoja, hawezi kumfikia kila mzee. Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya mafunzo ni kufundisha wengine.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango unaowafundisha wahudumu wasio mabingwa, wa zahanati na vituo vya afya, kutambua na kuhudumia magonjwa ya akili na ya ubongo, dimensia ikiwemo. Huko Hai nako kulijaribiwa tiba isiyo ya vidonge iliyotungwa Uingereza. Wagonjwa wanakaa kikundi, vikao 14 kwa wiki saba, wanazungumza, wanaimba, wanakumbushana chakula, pesa na habari za zamani, kwa mpangilio maalumu wa kuuchangamsha ubongo. Yaliyomo yalibadilishwa yafanane na maisha ya kijijini, na wahudumu wa pale pale wakafundishwa kuviendesha. Mbobezi mmoja akifundisha wahudumu ishirini, na kila mmoja akiwa na zahanati yake, hesabu inaanza kueleweka.

NA WEWE JE?

Tumefika kwenye yako. Daktari, hata awe na miaka 14 ya kusoma, anamwona bibi nusu saa. Wewe unamwona asubuhi na jioni. Wewe ndiye yule "mtu wa pili" anayehitaji kusikilizwa. Kwa hiyo kabla hamjaenda kituo cha afya, chukua daftari uandike:

- Mabadiliko yalianza lini, ghafla au polepole.
- Mifano mitatu ya kweli, pamoja na tarehe. ("Juzi alipika, akaondoka, ugali ukaungua" inamsaidia daktari kuliko "anasahau sana".)
- Dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba.
- Kama amewahi kuanguka, kupata kiharusi, presha au kisukari.
- Kama anaona na kusikia vizuri. Mzee asiyesikia anaweza kudhaniwa hana akili.
- Mambo ambayo bado anayaweza. Haya yanasahaulika sana kuandikwa.

Nyumbani, usimfanyie mtihani kila saa: "Bibi, mimi nani? Leo siku gani?" Unamtesa bure. Jitambulishe mwenyewe: "Shikamoo bibi, ni mimi mjukuu wako, nimetoka shule." Akiuliza mara ya tano, jibu mara ya tano. Mpe kazi anayoiweza, achambue mchele au maharage. Acha taa ndogo ikiwaka usiku. Funga namba ya simu ya nyumbani kwenye pindo la kanga yake, ili akipotea asaidiwe. Na ukisikia mtu anasema bibi wa fulani anawanga, usicheke wala usinyamaze. Mweleze uliyoyasoma hapa. Ukiona maneno yanageuka vitisho, toa taarifa haraka kwa mtu mzima unayemwamini, mwenyekiti wa mtaa au polisi. Usijaribu kupambana na umati peke yako.

Jambo moja linatugusa vijana moja kwa moja. Katika familia nyingi, mzee akianza kuhitaji uangalizi, anayetolewa shule ni msichana. Sasa sikia hili: mwaka 2024 kamati ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia, ikasema yakishughulikiwa yote karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa. Na moja kati ya hayo 14 ni elimu ndogo utotoni! Maana yake ukimtoa msichana shule ili amlee bibi mgonjwa, unamwongezea naye hatari ya kuugua uzeeni. Kazi ya kumlea mzee igawanywe: shangazi, mjomba, kaka, majirani. Kaka zetu, kumpikia bibi uji hakumpunguzii mtu uanaume.

Mengine katika orodha hiyo unayajua: sigara, pombe nyingi, presha, kisukari, kutofanya mazoezi, upweke, moshi na hewa chafu, kutosikia, kutoona, na kuumia kichwa. Kwa hiyo ukipanda bodaboda, vaa kofia ngumu na ufunge kamba yake. Ubongo utakaoutumia ukiwa na miaka 75 ndio huo huo unaoupakia leo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Dimensia: kupungua kwa uwezo wa ubongo hadi mtu anashindwa shughuli za kila siku.
Ubingwa bobezi: mafunzo ya kina kwa daktari ambaye tayari ni bingwa.
Felo: daktari aliye kwenye mafunzo hayo.
Kuchanganyikiwa kwa ghafla: hali ya dharura, huanza kwa saa au siku, mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa mwingine mwilini.

JIPIME NA MJADILI DARASANI

1. Bibi amesahau alipoweka miwani. Babu ameshika kijiko, hajui ni cha nini. Yupi anahitaji kuonwa na daktari mapema, na kwa nini?
2. Kwa nini daktari wa dimensia lazima azungumze na watu wawili?
3. Taja hali tatu zinazofanana na dimensia lakini zinatibika.
4. Tungeni kipimo kifupi cha kumbukumbu kinachomfaa mzee wa eneo lenu asiyejua kusoma. Mtatumia vitu gani badala ya kalamu?
5. Mzee mwenye dimensia ya mwanzo anataka kuandika wosia. Watoto wake wawili wanasema hana akili timamu, wa tatu anasema anajua anachofanya. Mngemshauri daktari afanye nini?
6. Mwenzenu wa kidato cha pili ameacha shule kumwangalia bibi yake. Panga ratiba ya wiki moja ya familia itakayomrudisha darasani bila bibi kubaki peke yake.